Kutoka wodi ya watoto hadi shehiani: mwongozo kwa hospitali za Unguja na Pemba

Hospitali ikitaka kuwafanyia jambo watoto wa vijijini, mara nyingi huanza na siku maalumu: hema, maiki, fulana na mgeni rasmi. Watoto hupimwa uzito, picha hupigwa, na wiki inayofuata wodi inalaza maradhi yale yale kutoka vijiji vile vile. Mwongozo huu ni kwa wakuu wa hospitali za wilaya na mikoa, wauguzi wa watoto na maofisa lishe wanaotaka kazi ndogo zaidi ya hiyo lakini yenye kuonekana wodini. Hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji buku la wodi, gari au boti mara mbili kwa mwezi, na watu watatu wanaofika siku waliyoahidi.

Anza na buku la wodi

Chukua buku la kulaza watoto la miezi 12 iliyopita. Miezi mitatu haitoshi, maana masika ina maradhi yake, na msimu wa karafuu una yake. Kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano nakili mambo sita: shehia (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha), umri kwa miezi, maradhi, siku alizoumwa kabla ya kuletwa, kama amewahi kulazwa kabla, na alivyotoka (amepona, amehamishwa, amefariki, au amechukuliwa na wenyewe kabla ya kuruhusiwa). Karatasi kubwa yenye mistari inatosha kama hakuna kompyuta.

Utakwama kwenye safu ya makaazi. Karani wa mapokezi huandika "Wete" au "Chake" kwa mtu aliyetoka mbali kabisa na mji, kwa sababu ndivyo alivyojibiwa. Kuanzia siku hiyo mapokezi yaulize "sheha wenu nani?" Watu huchanganya majina ya vijiji na mitaa, lakini sheha wao wanamjua, na ukimpata sheha umeipata shehia.

Ukishapanga kwa shehia, usikimbilie ile yenye watoto wengi. Tuseme shehia moja jirani na hospitali ina watoto 400 wa chini ya miaka mitano, na 24 kati yao wamelazwa: hao ni 60 kwa kila 1,000. Nyingine ya mbali, labda kisiwani, ina watoto 300, na 6 tu wamelazwa: ni 20 kwa kila 1,000. Ukitazama hesabu hiyo peke yake utasema ya kwanza ndiyo yenye shida. Lakini kama wanne kati ya wale sita walifika siku ya nne au ya tano ya ugonjwa, na wawili wakafariki usiku ule ule, basi shida iko kule. Wale wa jirani wanalazwa wengi kwa sababu wanafika. Idadi ya watoto iombe kwa sheha na kwa wajitolea wa afya ya jamii, ambao huwa wameandikisha nyumba zao.

Mwisho wa zoezi uwe na shehia tatu au nne, si zaidi, na maradhi mawili. Hospitali ikichagua shehia kumi, kila moja itatembelewa mara mbili kwa mwaka, na ziara mbili kwa mwaka hazibadilishi kitu.

Katika maradhi, mara nyingi utakutana na kuharisha, nimonia, utapiamlo, watoto wachanga walioletwa wamechelewa, na kwa walioanza skuli, kichocho na minyoo. Malaria imepungua sana Zanzibar tangu dawa mseto zilipoanza kutumika 2003 na vyandarua na upulizaji wa majumbani vilipofuata kuanzia 2006, kwa hiyo katika shehia nyingi haitakuwa ya kwanza. Bado mtoto mwenye homa apimwe, na aulizwe kama kuna mtu wa nyumbani aliyerudi karibuni kutoka Bara.

Nani aambiwe kabla ya gari kuondoka

Daktari Dhamana wa wilaya, yaani msimamizi wa afya wilayani, kwanza, halafu mkuu wa kituo cha afya cha pale, halafu sheha. Ukiwaruka wa kituo, watakuona umekuja kuwaonyesha kuwa hawafanyi kazi, na siku ya pili watakuwa "na kikao". Wape nafasi ya kusema shehia yao inakosa nini; aghalabu wanajua kuliko buku lako.

Sheha aombwe mambo mawili tu: mahali penye kivuli, na kikao kimoja na watu wanaosikilizwa. Hao ni imamu, mwalimu wa chuo cha Qur-ani, mkunga wa jadi, mmoja au wawili kati ya bibi wenye kauli majumbani, na mtu wa diko (pale vyombo vya wavuvi vinaposhukia) kama ni kijiji cha wavuvi. Usiwasahau akina baba. Mama akiambiwa mtoto alazwe, jibu la kwanza ni "nimngojee baba yake", na baba yuko baharini au dago, kambi ya wavuvi ya mbali.

Usiunde kikundi kipya cha kujitolea. Zanzibar ina wajitolea wa afya ya jamii wanaotembelea wajawazito na watoto wadogo majumbani chini ya mpango wa serikali wa Jamii ni Afya, wakitumia simu zenye maswali ya kufuata hatua kwa hatua. Kazi ya hospitali ni kuwapa kile wasichokuwa nacho: mtu wa kumpigia simu anayepokea, na majibu ya kilichompata mtoto waliyempeleka. Mjitolea aliyepeleka watoto watatu na hakuambiwa lolote hatampeleka wa nne.

Kalenda ya bahari, ya karafuu na ya mwezi

Ziara nyingi huharibika hapa. Ofisi hupanga "kila Jumatano ya pili" na kukuta kijiji kitupu. Katika vijiji vya mwani, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hutoka asubuhi na kukauka sana kuelekea saa tano, na wanawake wote wako pwani hadi maji yarudi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwa hiyo weka ziara katika maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo, yaani karibu na tarehe 7 hadi 10 na 22 hadi 25 za mwezi wa Kiislamu, au ukilazimika kwenda bamvua, nenda alasiri. Kalenda ya Hijria ukutani mwa ofisi ya mpango ina faida kuliko ya benki.

Kwa visiwa kama Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza au Tumbatu hesabu ni mbili: maji ya kupandia na kushukia chomboni, na upepo. Kusi ikikaza, hasa Julai na Agosti, weka siku ya akiba kwa kila safari. Muulize nahodha, si dereva wa hospitali.

Msimu wa karafuu wa Pemba, kuanzia kama Julai na kuendelea kuelekea mwisho wa mwaka, huhamisha familia mashambani. Mtoto aliyepaswa kuchanjwa hayuko kwao, yuko kambini na mama, au amebaki kijijini na bibi ambaye hajui kadi iko wapi. Muulize sheha kambi kubwa ziko wapi, uongeze kituo kimoja huko.

Ramadhani hufunga shughuli za mchana zinazohitaji mtoto mkubwa kumeza dawa au mama kusimama juani. Chanjo na ziara za watoto wachanga ziendelee asubuhi. Dawa za kichocho na minyoo ziahirishwe hadi baada ya Idi.

Chanjo: kuwapata waliopotea

Ratiba yenyewe inajulikana: BCG (ya kifua kikuu) na matone ya polio mtoto anapozaliwa, wiki ya 6, 10 na 14 pentavalenti (sindano moja ya maradhi matano), polio na nimonia, pamoja na rota (ya kuharisha) katika wiki ya 6 na 10 na sindano ya polio katika wiki ya 14, surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Wanaopotea hupotea katika sehemu mbili: baada ya arubaini, na kati ya miezi 9 na 18, mama anapoona mtoto anatembea na "chanjo zimekwisha".

Ya kwanza ina dawa rahisi. Wiki ya sita ni siku ya 42. Mzazi aliyetimiza arubaini anatoka ndani na nguo nzuri na watu wamejaa nyumbani. Mjitolea amwambie mapema, wakati wa ziara ya wiki ya kwanza, kwamba baada ya arubaini safari ya kwanza ya mtoto ni kliniki. Tarehe iandikwe kwenye kadi siku hiyo hiyo kwa kalenda zote mbili.

Kwa ya pili tumia sanduku la kadi. Tafuta sanduku lenye nafasi 13, moja kwa kila mwezi na ya mwisho kwa waliohama. Kila mtoto ana nakala ya kadi ndani ya mwezi anaotakiwa kurudi. Akija, kadi inasogezwa mbele. Mwisho wa mwezi, kadi zilizobaki ndizo orodha ya mjitolea, zenye jina la mama, la baba, na alama ya nyumba ("nyuma ya msikiti, mlango wa kijani"). Hakuna haja ya mtandao.

Kuhusu kubeba chanjo: joto ni nyuzi 2 hadi 8 mpaka unaporudi. Vifuko vya barafu vilivyotolewa moja kwa moja kwenye friza haviingii katika kibebeo. Viache nje hadi ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo uvipange. Kosa hili ni baya kuliko joto kwa sababu halionekani: pentavalenti iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena na kurudi kuonekana nzima, na mtoto huandikwa amechanjwa. Maji ya kuchanganyia surua na BCG yawe ya kiwanda kile kile na yawe yamepoa pia. Chupa ikishachanganywa itumike ndani ya saa sita au hadi mwisho wa kikao, lolote litakalotangulia, kisha itupwe.

Hapo ndipo wachanjaji wengi hukosea kwa nia njema. Mtoto mmoja wa miezi tisa amekuja, chupa ina dozi kumi, na muuguzi anamwambia mama arudi wiki ijayo wakiwa wengi. Harudi. Fungua chupa kwa mtoto mmoja. Dozi tisa zilizotupwa zina bei ndogo kuliko surua moja wodini. Mwambie mkuu wa ghala jambo hili kabla, ili muuguzi asijieleze kila mwezi.

Utapiamlo: utepe wa mkono, na aibu inayouficha

Utepe wa kupimia mkono ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika mpango huu, na kila mama anaweza kufundishwa kuutumia. Ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Vua mkono wa kushoto, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko mkono ukiwa umekunjwa, kisha unyooshe mkono uning'inie, uzungushe utepe usibane nyama wala usiache upenyo. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. 12.5 na zaidi ni kijani. Halafu bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa dole gumba, hesabu sekunde tatu. Shimo likibaki miguu yote, mtoto ni wa hospitali, hata kama mkono unasema kijani. Kipimo hiki cha pili husahauliwa, na mtoto aliyevimba huonekana amenenepa.

Kinachoharibu upimaji: kupima juu ya mkono wa kanzu au gauni, mtoto anayelia na kukaza mkono, na utepe uliochakaa ukavutika. Badilisha tepe kila baada ya miezi michache; ulinganishe wa zamani na mpya kabla ya kuutupa, ujue ulikuwa unadanganya kwa kiasi gani.

Mtoto mwekundu asiye na uvimbe, anayekula, asiye na homa wala kutapika, anaweza kutibiwa nyumbani kwa chakula dawa (chakula cha pakiti chenye virutubisho vingi) akija kupimwa kila wiki. Mjaribu kula pale pale: mpe mama pakiti, akae kivulini amlishe kwa utaratibu, na maji ya kunywa pembeni. Akikataa kabisa, alazwe. Mtoto wa chini ya miezi sita aliyekonda apelekwe hospitali moja kwa moja.

Sasa aibu. Kijijini mtoto akikonda wakati bado ananyonya, husemwa wazazi "wamembemenda", na maana yake kila mtu anaijua: walikutana kimwili, au mmoja alitoka nje ya ndoa, kabla mtoto hajaachishwa. Mama huyo hatasimama kwenye foleni mbele ya majirani apimwe mtoto wake. Ndiyo sababu upimaji wa hadhara huwapata watoto wenye afya na kuwakosa waliokonda. Pima nyumba kwa nyumba kupitia mjitolea, pima watoto wote wa nyumba bila kumchagua mmoja, na usiulize swali lolote kuhusu ndoa. Mkunga wa jadi na bibi wakishaelewa kuwa mtoto amekosa chakula cha kutosha au ana maradhi yaliyojificha, maneno hupungua.

Katika darasa la chakula usilete karatasi yenye picha za vyakula visivyouzwa hapo. Pika. Uji wa mtama au wa mchele uwe mzito kiasi cha kutomwagika kwenye kijiko, utiwe dagaa waliokaushwa vizuri, wakatolewa vichwa na kusagwa, au samaki aliyechambuliwa miiba, au choroko zilizopikwa na kupondwa, na tui kidogo. Mchicha, matembele au boga lililopondwa linafuata. Mtoto wa miezi sita aanze na vijiko viwili vitatu vya chakula, mara mbili au tatu kwa siku pamoja na maziwa ya mama, na kuongezewa taratibu hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, na kitu cha kati kama papai, embe au ndizi mbivu. Tatizo kubwa katika uji wa watoto visiwani ni wepesi wake: tumbo hujaa maji na mtoto hulala akiwa na njaa.

Onyo moja la Pemba yenyewe. Usigawe vidonge vya madini ya chuma kwa watoto wote wadogo eti wana upungufu wa damu. Jaribio kubwa lililofanywa Pemba liliwapa watoto wadogo chuma na folik asidi kila siku, na sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa 2003 kwa sababu waliopewa walikuwa wakilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa 2006 na yakabadilisha ushauri wa dunia nzima kwa nchi zenye malaria nyingi. Malaria imepungua tangu hapo, lakini kanuni ya kazi ibaki: pima damu, tafuta malaria na minyoo, kisha tibu anayehitaji.

Kuharisha na kifua

Kwa kuharisha fundisha mambo mawili kwa vitendo. La kwanza ni kuchanganya ORS, chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini. Pakiti moja ya kawaida kwa lita moja ya maji salama, pakiti nzima kwa mara moja. Makosa ni yale yale kila kijiji: pakiti kugawiwa robo robo kwa kukisia, au kumwagwa yote katika glasi moja, ikawa chumvi kali inayomdhuru mtoto. Beba chupa mbili tupu za nusu lita za maji ya dukani, kila nyumba wanazo, uonyeshe kwamba mbili hizo ndizo lita. Aliye chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji; mkubwa zaidi 100 hadi 200. Kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. La pili ni zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Mama huacha siku ya tatu kuhara kunapokoma; kata vidonge vyote kutoka kwenye karatasi mbele yake, uvihesabu naye.

Kwa kifua, mjitolea ahesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Asihesabu nusu dakika na kuzidisha. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni haraka mno. Mama hahitaji kuhesabu: mfundishe kufunua kifua na kutazama kama nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani mtoto anapovuta pumzi. Pamoja na hilo, mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea asiyeamka, hangoji asubuhi wala hangoji baba.

Degedege na kikohozi ndiyo maradhi ambayo hospitali hushindana na mganga. Ni bora kuacha kushindana. Mwite mganga kwenye kikao cha sheha, mweleze dalili hizo, na mkubaliane kwamba anaweza kusoma dua huku gari linatafutwa. Jambo ambalo halina suluhu ya kati ni kukata kimeo. Watoto wenye kikohozi kirefu bado hukatwa, na baadhi huletwa wakivuja damu au wameshapata maambukizo. Semeni wazi, mbele ya mkataji kama yupo, bila kumtukana.

Chuoni, skuli na dikoni

Kichocho cha mkojo bado kipo Unguja na Pemba, kwenye mito na mabonde ya mpunga yenye konokono, na watoto hukipata wakiogelea au wakifua. Kampeni za dawa zipo tayari, kwa hiyo hospitali isigawe kivyake. Isaidie kuwapata wasiokuwa skuli, na hao wako vyuo vya Qur-ani. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutolewa kwa fimbo ya urefu: kwa mfano, mwenye sentimita 125 hadi chini ya 138 hupewa vidonge viwili vya miligramu 600. Watoto wale kwanza. Wakimeza na njaa watatapika na kuumwa tumbo, na wazazi watasema mmewapa sumu. Albendazoli ya minyoo ni kidonge kimoja cha miligramu 400 (200 kwa mwenye umri wa mwaka mmoja hadi miwili), na kwa wadogo kisagwe. Usimbane mtoto pua ameze: watoto hupaliwa.

Dikoni pana somo moja ambalo halimo katika vitabu vya mafunzo ya afya ya mtoto vinavyotoka nje: nyama ya kasa. Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki Kisiwa Panza baada ya kula kasa, na Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, haina dawa ya kuiondoa mwilini, na inaweza kumpata mtoto kupitia maziwa ya mama aliyekula. Waambie wavuvi na wake zao hivyo hivyo, kila kaskazi na kila kusi. Wodi nayo ijue kuuliza "mmekula nini, na nani mwingine amekula?" watoto wa nyumba moja wanapofika pamoja wakitapika.

Mtoto akitoka wodini

Wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa ni za hatari kubwa, hasa kwa aliyelazwa na utapiamlo au nimonia kali, na hapo hospitali huwa imeshamsahau. Kabla hajaondoka fanya haya:

1. Andika namba mbili za simu. Ya baba huwa iko naye baharini au Bara. Chukua na ya jirani au shangazi.
2. Mpigie mjitolea wa shehia hiyo siku ile ile, mama akiwepo, wasalimiane.
3. Mpe mama karatasi moja yenye dawa, tarehe ya kurudi, na dalili nne za hatari, kwa maandishi makubwa. Msomee.
4. Muuguzi apige simu siku ya tatu. Mjitolea afike nyumbani ndani ya siku saba na atume jibu.

Mtoto mchanga aliyezaliwa hospitali anahitaji zaidi, kwa sababu mzazi yuko ndani siku arubaini na hatatoka kumleta. Aonwe kabla ya saa 24 kupita, tena siku ya tatu, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya sita. Tazama kama ananyonya, joto lake, macho, na kitovu: kisipakwe chochote cha nyumbani. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, na mama mkwe afundishwe pia, kwani yeye ndiye atakayesema "mfunike, mtoto mchanga huyo".

Watu, fedha na hesabu

Timu ni muuguzi wa watoto, mchanjaji na ofisa lishe, pamoja na dereva au nahodha. Daktari aende mara moja kila miezi mitatu. Ziara zaidi ya hapo ni kumpoteza wodini. Mafuta na posho vipangwe kwa mwaka mzima, na posho ilipwe siku ile ile. Mradi unaochelewesha posho ya mjitolea kwa miezi miwili umekwisha, hata kama karatasi zinasema unaendelea.

Hesabu tatu zinatosha kila mwezi kwa kila shehia: watoto waliobaki kwenye sanduku la kadi, waliolazwa wakiwa wameumwa zaidi ya siku tatu, na waliotoka wodini ambao walitembelewa ndani ya siku saba. Mwonye mkuu wa hospitali mapema kuhusu jambo moja: katika miezi ya mwanzo waliolazwa na utapiamlo wataongezeka. Hao walikuwepo siku zote, ila walikuwa wamefichwa. Asiyeambiwa mapema atasema mpango umeleta maradhi.

Usiamue chochote kwa mwezi mmoja. Shehia yenye watoto 300 inaweza kupitisha mwezi bila kifo kwa bahati tu. Tazama miezi sita, ulinganishe na miezi ile ile ya mwaka uliopita. Sanduku likiwa karibu tupu miezi mitatu mfululizo na wagonjwa wakifika siku ya kwanza au ya pili, hamisha gari kwenye shehia nyingine. Sanduku, tepe na orodha viachwe kituo cha afya, na namba ya simu ya wodi ibandikwe kwa sheha na ndani ya mlango wa kituo. Iwe ni simu inayopokewa usiku.